PICHA TUNAZOZIONA NA MAHALI PENYEWE

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wanakisomo katika maktaba ya kijiji kilicho karibu na hifadhi. Tumeyapunguza kidogo ili yaenee katika ukurasa.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya senema na televisheni. Najua wapo wanaosema moyoni, "Ah, hayo ni mambo ya vijana wa kibanda umiza. Sisi wenye mashamba na ng'ombe yatuhusu nini?" Nitawajibu kwa swali. Mtu wa Ujerumani au Marekani, ambaye hajapata kukanyaga Afrika, amejuaje kwamba duniani kuna mahali panaitwa Serengeti? Babu yake hakumwambia. Wengi wao wamepaona kwenye picha. Picha ndiyo iliyomtoa nyumbani kwake, akakata tiketi ya ndege, akapita hapa barabarani na kuwatimulia vumbi. Na akifika anatafuta kile alichokiona kwenye picha. Asipokiona hunung'unika. Akikiona, basi, haangalii kitu kingine.

Jambo hili lina faida, nayo ni fedha. Lakini anayepiga picha ndiye anayeamua mahali penu paonekane vipi, nani aonekane, na nani asionekane. Hebu tutazame yaliyokwisha kutokea.

NDEGE YENYE MISTARI YA PUNDAMILIA

Mwanzoni mwa mwaka 1958 Wajerumani wawili walikuja Serengeti na ndege ndogo. Ndege hiyo waliipaka mistari kama pundamilia. Walikuwa baba na mwana. Baba ni Dakta Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Mwana ni Michael. Wote wawili walijua kurusha ndege.

Nchi wakati huo ilitawaliwa na Waingereza. Serengeti ilikuwa imefanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Ngorongoro ilikuwa ndani ya hifadhi hiyo hiyo. Humo ndani walikuwamo Wamaasai wakichunga ng'ombe wao. Waingereza walitaka kubadili mipaka, wanyama wapewe upande mmoja na watu upande mwingine. Swali likawa: nyumbu huenda wapi mwaka mzima? Wachungaji walijua, maana walikuwa wakiishi nao. Lakini ujuzi wa mchungaji haukuwa kwenye ramani za serikali.

Basi wale Wajerumani wakaanza kuhesabu wanyama kutoka angani. Waligawa nchi vipande vipande, wakapita juu ya kila kipande, wakahesabu. Wanyama wengine waliwafunga mikanda ya rangi shingoni, wapate kuwatambua wakihama. Walipata wanyama wakubwa 366,980. Na wakati wote huo walikuwa wakipiga picha za senema.

Kazi ilikuwa haijaisha, tarehe 10 Januari 1959, ndege ile iligongana na tumbusi ikaanguka. Michael alikuwa peke yake ndani. Alikufa, naye alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Amezikwa pale juu, ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Baba alimaliza picha peke yake. Jina lake kwa Kijerumani maana yake ni kwamba Serengeti haipaswi kufa. Mwaka 1960 picha hiyo ilipewa Oscar, ambayo ndiyo zawadi kubwa ya senema huko Marekani. Baba alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakazikwa karibu na mwanawe. Watalii wakipita pale husimamisha magari.

Sasa sikilizeni mambo ya televisheni. Huyu Dakta Grzimek alikuwa na kipindi chake katika televisheni ya Ujerumani tangu mwaka 1956. Alikuwa akiingia na mnyama hai, pengine chui mdogo, pengine nyani, anamweka mezani na kuanza kuzungumza kwa utulivu kama mwalimu. Watu walimpenda sana. Siku moja akawaambia watazamaji kwamba sasa mtu wa kawaida anaweza kwenda Afrika ya Mashariki kuona wanyama, kwa safari ya kikundi, kwa bei nafuu. Kumbe safari hizo zilikuwa bado hazijapangwa na mtu! Watazamaji wakaenda kuuliza kwa makampuni ya safari. Makampuni yalipoona watu wamekuwa wengi, yakaanza kuzipanga kweli. Ndugu zangu, hiyo ndiyo nguvu ya televisheni. Mtu amekaa kwenye kiti huko Frankfurt, anasema maneno machache, na hoteli zinajengwa Arusha.

Upande huo wa habari umesimuliwa mara nyingi. Upande wa pili haukusimuliwa sana, na huo nataka kukaa nao kidogo.

Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia alama zao kwenye hati. Hati ilisema wanaiacha Serengeti, wao na mifugo yao. Iliandikwa kwa Kiingereza. Lugha ya hati ile haikuwa lugha yao. Mwaka uliofuata, 1959, Ngorongoro ilitengwa na Serengeti. Serengeti ikawa ya wanyama peke yao. Ngorongoro ikawa mahali pa watu, mifugo na wanyama pamoja. Ninyi mliokaa kwenye madawati haya mkijifunza a, e, i, o, u ukubwani, nadhani mnaelewa kuliko mimi uzito wa kutia alama chini ya maandishi usiyoweza kuyasoma.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba picha ndiyo iliyowahamisha. Hati ilitiwa alama kabla ya picha kuonyeshwa. Tena sisemi picha ilikuwa mbaya. Bila picha ile na kelele zilizofuata, huenda leo pasingekuwa na nyumbu wa kutazama. Lakini anayesimulia ni mgeni tangu mwanzo hadi mwisho. Bwana Grzimek mwenyewe aliandika wazi kwamba ndani ya hifadhi asiishi mtu yeyote, hata mwenyeji. Basi mtazamaji wa Ulaya akapata picha kichwani mwake ya nchi kubwa, nzuri, isiyo na wenyewe. Picha hiyo ikishaingia kichwani haitoki upesi. Mpaka leo mgeni akimwona ng'ombe kwenye majani pamoja na pundamilia, hushangaa na kuuliza, "Huyu naye anafanya nini hapa?"

Na habari yenyewe haijaisha. Kuanzia mwaka 2022 kaya nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari, na kwamba watu na mifugo wamezidi. Wengine wamelalamika kwamba wanasukumwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo picha ile isingeweza kulionyesha, na wafugaji mtalipenda. Hesabu ya wakati ule ilikuwa kiasi cha nyumbu laki moja. Leo wapo zaidi ya milioni moja. Waliongezekaje? Sababu kubwa ni sotoka. Sotoka ilikuwa ikiua ng'ombe na nyumbu pia, hasa ndama. Ng'ombe waliozunguka Serengeti walipochanjwa, ugonjwa ukakatika pia kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yaani sindano iliyochomwa kwa ng'ombe wa mfugaji ndiyo iliyowajaza nyumbu mbugani. Mgeni anasimama juu ya gari, anapiga picha lile jeshi la nyumbu, na anafikiri hivyo ndivyo walivyokuwa tangu Adamu. Mtu wa chanjo hayumo katika picha.

PICHA ILIYOITWA "HATARI"

Wakati huo huo walikuja Wamarekani. Mwongozaji wao ni Howard Hawks na steringi ni John Wayne. Walipiga picha yao huku kwetu kaskazini, karibu na Arusha na Momella, ikatoka mwaka 1962. Jina lake ni neno letu, "Hatari!" Ni habari za watu wanaokamata wanyama ili wawauze kwenye bustani za Ulaya. Wanafukuza kifaru kwa lori, wanamtupia kamba. Vijana wakiiona leo wanapiga makofi. Mimi namhurumia kifaru.

Miongoni mwa waigizaji alikuwamo Mjerumani, Hardy Krüger. Alipoiona Momella, na Mlima Meru nyuma yake, hakutaka kuondoka. Alinunua shamba palepale, akajenga hoteli, akakaa miaka mingi. Mpaka leo pana nyumba ya wageni inayoitwa kwa jina la picha ile. Mnaona? Mtu alikuja kuigiza kwamba anaishi Tanganyika, akaishia kuishi kweli.

Kenya nako pana habari ya kuchekesha kidogo. Karibu na Nairobi ipo nyumba ya mwandishi wa Denmark aliyeitwa Karen Blixen. Mwaka 1985 ilitoka picha juu ya maisha yake, ikasifiwa dunia nzima. Mwaka 1986 nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Watu wanafika wengi, wanaangalia vyumba, wanasema, "Ndiyo, ndiyo, nakumbuka." Lakini nyumba waliyoiona kwenye picha ni nyingine, iliyo karibu na hapo. Wanakumbuka nyumba ambayo hawajaingia.

Na hilo neno la "hakuna matata" je? Sisi Watanzania husema hakuna shida, au hamna shida, au hamna neno. "Matata" tunamwita mtoto mtundu au mtu mgomvi. Neno hilo lilienea kwa wageni kwa wimbo wa Kenya wa mwaka 1982, halafu likaenea zaidi kwa picha ya kuchora ya mwaka 1994, habari ya simba mfalme. Sasa mgeni akishuka kwenye ndege ndilo neno analolijua, na vijana wetu wa mahotelini wamejifunza kumjibu hivyo hivyo. Picha imetufundisha Kiswahili chetu wenyewe! Tena kampuni iliyotengeneza picha ile iliandikisha maneno hayo Marekani kuwa alama yake ya kuuzia nguo.

MAHALI PALIPOPENDWA MNO

Sasa tutoke kidogo nje ya Afrika. Katika nchi ya Thailand kipo kisiwa kidogo chenye ghuba iliyozungukwa na majabali, inaitwa Maya. Mwaka 1999 walikuja watu wa senema. Wakaona ufuko ni mzuri, lakini haujatosha. Wakasawazisha mchanga na kupanda minazi ili upendeze zaidi! Watu wakaenda mahakamani, na kesi ikachukua zaidi ya miaka 20. Picha ilitoka mwaka 2000. Habari yake ni ya kijana anayetafuta ufuko wa siri usiojulikana na mtu. Baada ya hapo dunia yote ikaujua.

Mashua zikaja. Ufikapo mwaka 2018, watu kiasi cha 5,000 walikuwa wakifika kwa siku moja, kwenye ufuko mdogo tu. Nanga ziliyavunja matumbawe. Samaki wakakimbia. Serikali ikafunga mahali pote mwezi Juni 2018. Palifungwa zaidi ya miaka mitatu. Papa wadogo wakarudi. Mwezi Januari 2022 pakafunguliwa tena kwa masharti. Mashua haziruhusiwi kuingia ndani ya ghuba, zinatia nanga upande wa nyuma, na wageni wanaingia kwa idadi. Wenye mashua walilia, maana walikuwa wamekopa fedha kununulia injini. Papa walifurahi. Huwezi kuwaridhisha wote.

Huko New Zealand mambo yalikwenda vingine. Mwongozaji Peter Jackson alitafuta mahali pa kujenga kijiji cha watu wafupi wa hadithi. Akaona shamba la kondoo la familia moja karibu na mji wa Matamata. Jeshi likasaidia kutengeneza barabara, vijumba vikajengwa kilimani, picha ya kwanza ikatoka mwaka 2001. Kawaida watu wa senema wakimaliza wanavunja kila kitu. Lakini vijumba vingine vilikuwa havijabomolewa, na watu wakaanza kuja kuuliza. Mwaka 2002 familia ikaanza kutembeza wageni. Watu wa senema waliporudi kupiga picha nyingine, vijumba vilijengwa upya kwa vitu vya kudumu. Familia haikuuza shamba. Kondoo wanakula majani mpaka leo, na wageni wanalipa kiingilio kwenda kuona milango ya nyumba ambazo ndani hazikuwa na kitu. Mkulima yule aliingia katika biashara kama mshirika, wala hakufanywa mlinzi wa geti katika ardhi yake.

HESABU ZA WAGENI WETU

Ninyi mmesikia juu ya picha ya Royal Tour. Rais Samia Suluhu Hassan alimtembeza mtangazaji wa Marekani, Peter Greenberg, katika nchi yetu, na picha ikazinduliwa New York mwezi Aprili 2022. Rwanda walifanya kama hiyo mwaka 2018. Je, ilileta wageni? Tuangalie hesabu. Mwaka 2019 walikuja wageni zaidi ya milioni moja na nusu. Mwaka 2020 ilikuja korona, wakashuka hadi kiasi cha laki sita na ishirini elfu. Mwaka 2022 wakawa milioni moja na laki nne na nusu hivi. Mwaka 2023 wakapita milioni moja na laki nane.

Mtu wa haraka atasema, "Unaona, picha imeleta wote hao." Mimi nasema polepole. Korona ilikuwa imepungua, na watu waliofungiwa ndani miaka miwili walikuwa na hamu ya kutoka hata bila picha. Lakini mwaka 2023 walizidi wale wa mwaka 2019, kabla ya korona. Hapo picha huenda ilisaidia, pamoja na mambo mengine kama ndege na matangazo. Nani aweza kutenganisha? Ni kama kuuliza mahindi yameota kwa mvua au kwa mbolea.

Na sisi nasi tunadanganyika kwa picha, siyo wageni tu. Akina mama wanaopenda picha za Kihindi, nyimbo zile zinazoimbwa kwenye milima yenye theluji na maua, mnadhani ni India? Nyingi zilipigwa Uswisi, huko Ulaya. India ina milima yake ya theluji, lakini watu wa senema walipenda ile. Wahindi wenyewe wakaanza kwenda Uswisi kutafuta daraja na kanisa walivyoviona kwenye picha. Na vijana wetu wanaona maghorofa ya Dar es Salaam kwenye tamthilia, sebule yenye makochi meupe, wanafunga mizigo. Tamthilia haikuwaonyesha chumba cha kupanga cha watu wanne, wala foleni ya maji.

WAKIJA HAPA KIJIJINI

Basi tuzungumze habari za hapa. Sisi tuko karibu na hifadhi. Watu wa senema na televisheni watakuja, na wengine wamekwisha kuja. Nawaambia mnayopaswa kuyajua.

Kwa sheria ya mwaka 1976, hapa Tanzania mtu hatengenezi picha ya senema bila kibali cha Bodi ya Filamu. Kwa hiyo akija mtu na kamera kubwa, jambo la kwanza ni kumwomba kibali. Kisomeni. Msikiangalie muhuri tu, someni maneno. Kimeandikwa kwa jina la nani? Picha inahusu nini? Kama lugha ni Kiingereza, mwiteni mwalimu wa shule awasomee mstari kwa mstari.

Halafu ulizeni mtaonyeshwa vipi. Wapo wanaowaambia akina mama wavue kanga na kuvaa ngozi, eti ndivyo watazamaji wanavyotaka. Wapo wanaosema baiskeli iondolewe, simu ifichwe, bati lifunikwe kwa majani. Mtu akitaka kuigiza mambo ya zamani na mkapatana, ni kazi, alipe kama kazi. Lakini akisema hayo ndiyo maisha yenu ya leo, huo ni uongo, na mgeni atakayekuja baadaye atatafuta uongo huo nyumbani kwako.

Fedha zipokelewe kwa stakabadhi katika mfuko wa kijiji, na zisomwe kwenye mkutano mkuu pamoja na mapato mengine. Mtu mmoja asipokee kwa niaba ya wote chini ya mwembe. Tena ombeni nakala ya picha ikimalizika, iwekwe hapa maktaba. Watu wengi wa vijijini wamepigwa picha zilizoonwa na dunia, wao wenyewe hawajaziona hata siku moja.

Mzee mmoja pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza: "Je, tukikataa?" Mzee wangu, kibali cha Bodi kinamruhusu mtu kutengeneza picha. Hakimruhusu kuingia uani kwako, wala kumpiga picha mkeo akiwa jikoni bila idhini yake mwenyewe. Akitaka kutumia ardhi ya kijiji, azungumze na Halmashauri ya Kijiji, na Halmashauri iulize watu. Mkiona mambo hayaeleweki, mwambieni asubiri, halafu mpelekeni Mtendaji kwa Ofisa Utamaduni wa wilaya akaulize. Mwenye nia njema atasubiri siku mbili. Sasa nipo tayari kwa maswali mengine.